Chuma Kisicheze: Goti Bandia Bila Saruji

Mwezi Mei 1890, jijini Berlin, daktari mpasuaji Themistocles Gluck alifungua goti la msichana wa miaka 17 lililokuwa limeliwa na kifua kikuu cha mifupa. Akaondoa ncha za mifupa zilizooza, na mahali pake akapachika bawaba ya pembe ya ndovu. Pembe ilikuwa bidhaa ya kawaida Ulaya siku hizo. Ilitengenezewa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na mipini ya visu, na soko lake kuu upande huu wa Afrika lilikuwa Unguja, kisiwa ambacho Waingereza na Wajerumani walikuwa wakikijadili mezani humohumo Berlin. Mkataba wa kukiweka chini ya ulinzi wa Uingereza ulitiwa saini tarehe 1 Julai mwaka huohuo.

Kuchonga pembe hakukumpa Gluck taabu. Taabu ilikuwa kuishikiza. Alijaribu plasta, alijaribu utomvu mkavu wa msonobari, alijaribu hata unga wa pumisi, lile jiwe jepesi ambalo watu hulisugulia visigino bafuni. Magoti yake hayakudumu, kwa sababu ndani ya vidonda mlikuwa na vijidudu vya kifua kikuu, na Ernst von Bergmann, mkubwa wa wapasuaji wa Berlin, alimpinga waziwazi. Gluck akabaki katika historia kama mtu aliyewahi mno. Swali lake, hata hivyo, halikuzikwa naye: kitu kigumu kisicho hai kikipachikwa ndani ya mfupa ulio hai, kitazuiwa na nini kisicheze?

Kucheza. Neno hili la gereji na la shambani lina faida kuliko istilahi nyingi za hospitali. Fundi akitikisa gurudumu na kusema "linacheza", mwenye gari anajua kuna gharama inakuja. Mkulima ambaye mpini wa jembe lake umeanza kucheza anajua hautaishia hapo, maana kila pigo hupanua tundu, na tundu lililopanuka huongeza mchezo. Goti bandia lisilo na saruji linaishi au linakufa kwa jambo hilihili. Kuna tofauti moja tu, nayo ni kubwa: tundu la jembe ni chuma kisichojua kitu, bali mfupa una damu na seli, na hujibu unavyotendewa.

Kwanza mzigo wenyewe. Berlin, kwa bahati, haikuliacha jambo hili. Katika hospitali ya Charité, kwenye taasisi inayobeba jina la Julius Wolff, wahandisi walitengeneza kipandikizi cha goti chenye vipimio ndani ya shina lake na antena ndogo ya kutuma habari nje ya mwili. Mwaka 2010 walichapisha vipimo vya wagonjwa watano. Mtu akitembea kwenye sakafu tambarare, goti hubeba kwa wastani 261% ya uzito wa mwili wake kila hatua inapofikia kilele. Kuinuka kitini ni 246%. Kupanda ngazi ni 316%. Kushuka ngazi ni 346%. Kwa hiyo mwenye kilo 80 akishuka ngazi za msikiti au za ofisi, goti moja linapokea karibu kilo 277. Bibi mwenye magoti mabovu, anayeshika ukuta wakati wa kushuka na si wakati wa kupanda, alilijua hili kabla ya antena.

Wahandisi wanapolijaribu goti maabara hukadiria kwamba mguu mmoja hupiga hatua kama milioni moja kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 20.

Goti la kisasa lina vipande vichache. Ncha ya mfupa wa paja huvalishwa kofia ya aloi ya kobalti na kromiamu. Kichwa cha mfupa wa muundi hukatwa kikawa bapa kama meza, kisha huwekwa sinia la chuma. Katikati hukaa kipande cha plastiki ngumu, polietilini, kinachochukua nafasi ya gegedu lililokwisha. Pia ya goti wengine huibadilisha, wengine huiacha. Kofia ya paja haina makuu. Imelikumbatia umbo la mfupa kutoka mbele, chini na nyuma, na kuing'oa ni kazi. Matatizo, tangu zamani hadi leo, yako kwenye sinia.

Kwa nini sinia? Jibu lipo kwenye karamu yoyote. Weka sufuria zito kwenye ukingo mmoja wa sinia, na ukingo wa pili utainuka. Goti likikunjwa, mfupa wa paja hurudi nyuma na kulemea ukingo wa nyuma, na ukingo wa mbele hutaka kuinuka. Mtu mwenye matege hulemea upande wa ndani, na upande wa nje hutaka kuinuka. Mzigo wenyewe unaoshuka wima si adui, maana unakandamiza chuma kwenye mfupa. Adui ni huku kuinuka na kushuka, na ule msuguano wa pembeni unaotaka kulisogeza sinia kama sahani juu ya meza iliyolowa.

Kwa zaidi ya nusu karne, dawa ya adui huyu imekuwa saruji. Jina lisimpotoshe msikilizaji, kwani si ile ya mifuko ya kilo 50. Ni akriliki, unga na maji yake, jamaa wa karibu wa plastiki inayotengenezewa ufizi wa meno bandia. John Charnley, Mwingereza aliyekuwa akitafuta namna ya kushikiza nyonga bandia, alielekezwa kwenye akriliki na Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa katika shule ya madaktari wa meno mjini Manchester, akaanza kuitumia mwaka 1958. Mwaka 1968, katika hospitali ya Charnley huko Wrightington, Mkanada Frank Gunston aliitumia kwenye goti. Mwaka 1974 Insall, Ranawat na Walker wa New York walitoa goti ambalo karibu magoti yote ya leo ni wajukuu zake, nalo lilishikizwa kwa saruji.

Saruji hii haigandishi kama gundi. Inajaza. Hupenya kwenye vitundu vya mfupa ikiwa laini kama ugali uliopoa kidogo, ikakauka ndani yake, na kwa kukauka ikakamata. Kazi yake inakaribiana na ya kalafati, pamba anayoipigilia fundi wa jahazi katikati ya mbao, kwa maana hii: inasamehe. Mbao zikiwa na nafasi isiyo sawa, kalafati huifuata nafasi ilivyo. Daktari akikata mfupa ukabaki na kibonde cha nusu milimita, saruji hukijaza na mgonjwa hatajua kamwe. Dakika kumi na kitu baada ya kuchanganywa, imekauka. Chuma hakichezi, na hakitangoja mfupa ukubali.

Mhadhara wowote unaoanza kwa kuisema vibaya saruji unastahili kutiliwa shaka. Magoti yaliyofungwa kwa saruji yamedumu miaka 15, miaka 20 na zaidi kwa wagonjwa walio wengi. Katika miaka ya 1980 ilitokea tabia ya kuitupia lawama zote. Wapasuaji walikuta mfupa uliomong'onyoka kuzunguka vipandikizi vilivyolegea, wakauita ugonjwa wa saruji, na mwaka 1987 jina hilo likawa kichwa cha makala mashuhuri. Baadaye ikaonekana mtuhumiwa mkubwa alikuwa mwingine. Chembe ndogo mno za polietilini iliyosagika huamsha seli za kinga, na seli hizo ndizo zinazoanzisha ulaji wa mfupa. Magoti yasiyo na saruji hata chembe nayo yalimong'onyoka vilevile. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kukimbilia upande wa pili.

Sababu halali ya kuiacha saruji ni nyepesi zaidi kuieleza. Saruji ni kitu mfu. Ufa ukiingia hauzibiki, na kila mwaka unaopita ni hatua milioni nyingine juu ya kitu kisichojikarabati. Mgonjwa wa miaka 75 huenda asiufikie mwisho wa saruji yake. Fundi ujenzi wa miaka 50, mwenye kilo 110, anayetaka kurudi kazini, ana miaka mingi mbele yake ya kuijaribu. Mfupa ukiungana na chuma moja kwa moja, maungio yenyewe yanakuwa hai, yakichakaa yanajengwa upya.

Kwamba mfupa unaweza kuungana na chuma lilijulikana kwa ajali, na aliyekutwa na ajali hiyo alikuwa akishughulika na jambo jingine. Mwaka 1952, mjini Lund nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura. Alitumia kijidirisha cha titani kilichopachikwa mfupani ili atazame kwa hadubini. Utafiti ulipokwisha alitaka kukitoa kijidirisha chake, maana kilikuwa ghali. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika kana kwamba umezaliwa nacho. Mwaka 1965 aliitumia titani hiyo kushikiza meno ya mgonjwa wake wa kwanza, na vishikizo hivyo vilidumu zaidi ya miaka 40.

Lakini jino si goti. Kwenye jino, Brånemark aliweza kuifukia skrubu chini ya ufizi na kuiacha miezi kadhaa bila kuitwisha chochote. Mgonjwa wa goti husimamishwa siku ileile au kesho yake, na kila akiinuka kwenda chooni anaweka juu ya sinia mzigo wa mara mbili na nusu ya uzito wake. Mfupa unatakiwa uungane na chuma ambacho hakijapumzishwa hata siku moja.

Hapo ndipo mkulima wa Muheza au wa Machakos anayebebesha miche ya miembe anapoingia darasani akiwa mwalimu. Anachukua kikonyo cha mwembe bora, anakichonga, anakipachika kwenye shina la mwembe wa kienyeji, na anakifunga kwa ukanda wa nailoni. Ukanda hauunganishi chochote. Kazi yake ni kuzuia kikonyo kisicheze wakati utomvu wa pande mbili unakutana. Upepo ukikitikisa, maungio hukauka na mche hufa, hata kama kikonyo kilikuwa kizuri na shina lilikuwa na afya. Madaktari wa goti lisilo na saruji husema habari ya uthabiti wa namna mbili, na ndiyo hayohayo. Wa kwanza ni wa kimakanika, unaotoka kwenye kubana, vigingi, mkuku na skrubu. Huo ni ukanda wa nailoni. Wa pili ni wa kibiolojia, mfupa ukishapenya, na unakuja baada ya wiki na miezi. Wa kwanza ukilegea kabla wa pili haujafika, kazi imeharibika.

Je, chuma kikicheza kiasi gani ndipo mfupa unakataa? Swali hili lilipata jibu la tarakimu, na ni jibu linaloshangaza kwa udogo wake. Mwaka 1986, Robert Pilliar na wenzake wa Toronto walieleza walichokiona kwa mbwa waliopachikwa vipandikizi vyenye vitundu: mchezo wa hadi mikroni 28 hivi, mfupa ulipenya, mchezo wa mikroni 150 au zaidi, hapakuwa na mfupa, palikuwa na utando wa nyuzi. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Basi tofauti kati ya goti litakalokaa na goti litakalolegea ni unene wa nywele mbili.

Mwaka 1997 Murali Jasty na wenzake wa Boston walifanya jaribio la makusudi zaidi. Walitengeneza mtambo uliotikisa kipandikizi ndani ya mfupa wa mbwa kwa kipimo kilichowekwa, saa nane kila siku, kwa wiki sita. Penye mikroni 20 mfupa uliendelea kutoka nje hadi ndani ya vitundu bila kukatika. Penye 40, maungio yalikuwa mchanganyiko, huku mfupa, huku gegedu lenye nyuzi. Penye 150 lilitokea jambo ambalo kila mpasuaji angefaa kulikumbuka: mfupa ulikuwamo ndani ya vitundu, lakini haukuwa umeshikana na mfupa wa nje. Katikati kulikuwa na utando. Mfupa ulijaribu kuvuka, ukakatwa njiani kila siku.

Utando huo wenyewe si ugonjwa. Ni busara ya mwili. Mwili ukiona pande mbili hazitulii, huweka kitu laini katikati, kama unavyofanya kwenye mfupa uliovunjika usipofungwa vizuri, ukageuka kiungo cha uongo. Ila utando hauwezi kushika sinia lenye kubeba kilo 200. Mgonjwa huanza kusikia maumivu ya hatua za kwanza anapoinuka, yanayopungua akishatembea kidogo, na picha ya eksirei huonyesha mstari mweusi chini ya chuma.

Basi mafundi wa miaka ya 1980 waliingia kazini maarifa haya yakiwa bado nusunusu. Kule Baltimore, David Hungerford, Robert Kenna na Kenneth Krackow walitoa mwaka 1980 goti lililoitwa PCA, ambalo uso wake wa ndani ulifunikwa punje ndogo za kobalti na kromiamu zilizogandishwa kwa joto, ili mfupa upenye katikati ya punje. Lilikuwa wazo zuri. Lakini baadhi ya masinia yalididimia upande mmoja. Polietilini yake ilikuwa nyembamba na uso wake ulikuwa umepigwa pasi kwa joto, ikachanika matabaka kama maandazi yaliyokaa siku tatu. Pia ya goti yenye mgongo wa chuma ilipasuka plastiki yake hadi chuma kikasuguana na chuma. Katika magoti mengine ya enzi hiyo, sinia lilishikizwa kwa skrubu. Skrubu zilisaidia kuzuia mchezo wa awali, kisha matundu yake yakawa njia ya chembe za plastiki kushuka hadi ndani ya muundi.

Miaka ya 1990 wapasuaji wengi walirudi kwenye saruji, na goti lisilo na saruji likapewa jina baya. Si haki kamili. Kule New Jersey, mpasuaji Frederick Buechel na mhandisi Michael Pappas walikuwa na goti lao, LCS, ambalo plastiki yake ilizunguka juu ya sinia badala ya kufungwa, na kwa kuzunguka ikapunguza nguvu za kukata zilizofika kwenye mfupa. Lile lisilo na saruji lilidumu vizuri miaka mingi. Kumbe hukumu iliyotolewa dhidi ya kukosa saruji ilikuwa, kwa sehemu kubwa, hukumu dhidi ya plastiki mbaya na maumbo mabaya.

Twende chumba cha upasuaji, maana hesabu zote za mikroni zinategemea msumeno. Kwenye goti la saruji msumeno unasamehewa. Kwenye goti hili hausamehewi. Uso wa muundi usipokuwa bapa, sinia litakalia vilima viwili vitatu na kupepea juu ya mabonde. Msumeno wa umeme una ulimi mwembamba unaopinda ukikutana na mfupa mgumu, na kwa mwenye matege ya miaka mingi upande mmoja wa muundi umekuwa mgumu kama mvule na wa pili laini kama sponji. Ulimi hukwepa mgumu na kuzama kwenye laini. Wapo wanaofagia unga wa mfupa uliokatwa na kuupaka kwenye mabonde kabla ya kulipiga sinia nyundo. Ni ujanja wa kiseremala, na una mantiki, kwani unga huo ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe.

Kuna na joto. Mwaka 1983, Eriksson na Albrektsson wa Gothenburg, mji ambako Brånemark alihamia, walionyesha kwa sungura kwamba mfupa uliopashwa hadi nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu huharibika uwezo wake wa kukua. Nyuzi 47 ni chai iliyopoa. Msumeno butu hupita hapo bila shida, ndiyo maana msaidizi husimama na bomba la maji ya chumvi akimwagilia ulimi unapokata. Asiyemwagilia anaacha uso mzuri kwa macho, ambao seli zake zimekwisha kufa.

Halafu sinia hupigwa likaingia. Chini yake lina mkuku, kama wa jahazi, au vigingi vinne, au vyote pamoja, vikubwa kidogo kuliko matundu yaliyotobolewa, ili mfupa ubane. Ukibana mno, muundi hupasuka mezani. Ukibana kidogo, sinia linacheza. Mikono ya mpasuaji husikia tofauti kabla ya macho, na mlio wa nyundo nao hubadilika sinia linapofika chini.

Namna ya kujua kama chuma kimetulia ndani ya mtu aliye hai ilipatikana tena Lund. Göran Selvik, katika tasnifu yake ya 1974, alieleza jinsi ya kupachika vijipunje vya tantalamu, vya kama milimita moja, kwenye mfupa na kwenye kipandikizi, kisha kupiga picha mbili za eksirei kwa pamoja kutoka pembe mbili tofauti. Kwa hesabu ya jometri, mwendo wa sehemu ya kumi ya milimita unaonekana. Mwaka 1995, Leif Ryd na wenzake walitumia njia hiyo kuonyesha kwamba sinia linaloendelea kusogea katika mwaka wa pili ndilo litakalolegea baadaye, miaka mingi kabla ya mgonjwa kulalamika.

Na hapa pana jambo ambalo huwachanganya hata madaktari. Sinia lisilo na saruji husogea zaidi ya lile la saruji katika miezi ya mwanzo. Huzama kidogo, hukaa vizuri, kama nyumba mpya inavyokaa kwenye msingi. Likishafika karibu miezi sita, lile zuri husimama. La saruji husogea kidogo tu mwanzoni, lakini mengine huendelea, taratibu, mwaka hadi mwaka. Anayetazama picha ya miezi mitatu peke yake atalihukumu la kwanza bila sababu. Cha kuangalia ni kusimama kwake, si mahali lilipofika. Faida ya kipimo hiki kwa wagonjwa ni kwamba wagonjwa wachache wakipimwa kwa miaka miwili, umbo baya linaweza kukamatwa kabla halijauzwa kwa maelfu. PCA haikupitia chujio kama hilo kabla ya kuenea.

Vyuma vya leo ni tofauti na punje za 1980. Kwanza palikuja kupaka haidroksiapatiti, madini yaleyale yaliyomo katika mfupa, yakinyunyizwa juu ya titani kwa tabaka jembamba. Vipimo vya Selvik vilionyesha masinia yaliyopakwa yanatulia mapema kuliko yasiyopakwa. Kisha ikaja tantalamu yenyewe, si vijipunje tena bali sifongo zima la chuma, lenye uwazi wa hadi 80% ya ujazo wake, linalokwaruza mfupa kama msasa na kwa hiyo kuukamata tangu dakika ya kwanza. Siku hizi titani nayo huchapishwa kwa leza, tabaka juu ya tabaka la unga, vitundu vikapangwa mahali mhandisi anapovitaka.

Tantalamu haina ugeni kwa Waswahili wa mashariki mwa Kongo. Inatoka kwenye koltani, na Rubaya katika Kivu Kaskazini ni miongoni mwa machimbo yake yanayojulikana duniani kote, kwa uzalishaji na kwa mapigano. Sehemu kubwa ya chuma hiki huenda kwenye vifaa vya elektroniki, simu zikiwamo. Magoti huchukua kidogo. Hata hivyo pana kinaya: pembe zilipita Unguja, koltani inapita Goma, na katika zama zote mbili goti bora limetengenezwa mbali na zilikotoka.

Sifa nyingine ya sifongo hilo ni ulaini. Titani ngumu ina ukakamavu wa kama gigapaskali 110, na aloi ya kobalti na kromiamu huvuka 200. Ganda gumu la mfupa lina kati ya 15 na 20, na mfupa wa sifongo chini ya sinia mara nyingi haufiki 1. Tantalamu yenye vitundu ina kama 3. Julius Wolff alichapisha kitabu chake mwaka 1892, mjini Berlin, miaka miwili tu baada ya bawaba ya Gluck, akieleza kwamba mfupa hujijenga unapotwishwa na kujibomoa unapopumzishwa. Chuma kigumu mno huubebea mfupa mzigo wote, na mfupa uliobebewa hunyong'onyea. Chuma kinachopinda pamoja nao huuacha ufanye kazi.

Basi nani apewe goti lisilo na saruji? Kijana, mzito, mwenye mfupa mgumu, aliyekatwa na mpasuaji anayefanya kazi hii kila wiki: hapo hoja ina nguvu. Mama wa miaka 80 ambaye mifupa yake imekuwa myepesi, kiasi kwamba kidole gumba kinazama kwenye muundi uliokatwa: saruji, bila mjadala. England bado hufunga zaidi ya magoti manne katika kila matano kwa saruji. Marekani mkondo unakwenda upande wa pili tangu miaka ya 2010, na sehemu ya sababu ni dakika zinazookolewa kwa kutongoja saruji ikauke. Dakika za chumba cha upasuaji ni fedha, lakini si ushahidi wa uthabiti, na bei ya vipandikizi hivi kwa kawaida iko juu.

Ushahidi hutoka kwenye rejesta. Uswidi ilianza kuandika kila goti lililobadilishwa mwaka 1975, Australia mwaka 1999, England na Wales mwaka 2003. Malawi ilianzisha rejesta yake ya viungo bandia mwaka 2005, nchi yenye wapasuaji wa kuhesabika kwa vidole. Hospitali za Dar es Salaam na za Kenya hubadilisha magoti siku hizi bila watu kustaajabu, na kabla ya kubishana kuhusu saruji au tantalamu, daftari kama la Malawi lingefaa kutangulia.

Mwisho upo upande ambao wauzaji hawautaji. Goti lililoungana kikamilifu na mfupa linaweza kuingiwa na vijidudu mwaka wa pili au wa tano, na hapo lazima litolewe. Lile la saruji hutoka kwa patasi, saruji ikimegeka vipande. Lililoshikwa na mfupa halitoki. Mpasuaji hupitisha msumeno mwembamba chini ya sinia, milimita baada ya milimita, hadi auguse kigingi cha kwanza, kisha cha pili, akivikata ndani ya mfupa na kuviacha humo. Sinia likishaondoka hurudi na keekee lenye mdomo wa mviringo kuvizunguka vigingi kimoja kimoja. Saa moja na zaidi baadaye kila kipande kiko kwenye bakuli la chuma, na kikigeuzwa, mgongo wake umefunikwa mfupa mweupe ambao maji hayausafishi.